Nipe Mji: Kuhusu Kuomba Msaada katika Fumbo la Maneno la Gazetini

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa kificho, nalo ni kuomba msaada tunapokwama katika fumbo la maneno la gazeti la siku. Fumbo lenyewe halihitaji utambulisho mrefu. Ni lile jedwali la visanduku vyeupe na vyeusi lichapwalo katika ukurasa wa burudani, lenye vidokezo vya mlalo na vya wima. Asubuhi huwa tupu. Jioni, katika chumba cha magazeti cha bweni lolote, hukutwa limejazwa nusu kwa kalamu za watu watatu, na neno moja limekatwa kwa hasira hadi karatasi ikatoboka. Kiswahili bado hakijaafikiana kuhusu jina lake. Wapo wanaoliita chemshabongo, ingawa jina hilo hubeba pia vitendawili na maswali ya hesabu. Wapo wanaoliita mraba wa maneno. Humu nitaliita fumbo la maneno, kwa kuwa jina hilo lina asili ya mbali zaidi katika fasihi yetu, na asili hiyo itatufaa hapo mbele.

Muhula mmoja uliopita, wanachama wachache tulitunga fumbo la Kiswahili tukalibandika kwenye ubao wa matangazo. Tulitarajia kwamba wenzetu wanaolimaliza fumbo la gazeti la Kiingereza kabla ya chai ya saa nne wangelimaliza letu kwa muda mfupi. Kidokezo kimoja cha mlalo kilisema: Mtengeneza vyungu (9). Kabla ya saa sita mtu alikuwa amekwisha kujaza, tena kwa wino, MFINYANGI. Visanduku tisa vikaenea barabara, na hakuna aliyetia shaka. Lakini kisanduku cha nane cha neno hilo kilikuwa pia kisanduku cha tatu cha neno la wima lenye herufi nne, Ndege mwinda wenzake. Siku nzima watu walisimama mbele ya ubao wakimtafuta ndege ambaye herufi yake ya tatu ni G. Jioni mmoja wao, tena mwanafunzi wa Kiswahili, akatoa hukumu kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mchezo huu.

Ndege huyo ni kozi. Herufi iliyowakwamisha walikuwa wameiandika wao wenyewe, kwa maana atengenezaye vyungu ni mfinyanzi. Walikuwa wakiomba msaada kila upande: walipiga simu nyumbani, walifungua kamusi, walimuuliza kila apitaye. Hawakuuliza pale palipokuwa na jibu. Dai langu ni kwamba hawakupungukiwa na msamiati. Walichopungukiwa ni ujuzi wa mahali pa kuomba msaada na mpangilio wa kuuomba, na ujuzi huo, kwa upande wa Kiswahili, kwa kiasi kikubwa ni sarufi ileile tunayoikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau baada yake.

Mji kama bei ya jibu

Kabla ya kufika kwenye visanduku, inafaa tukumbuke kwamba utamaduni wetu una kanuni ya kale ya kuomba msaada katika fumbo. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira hujibu, "Tega!" Kitendawili kikishategwa, watu hujaribu. Kila jibu lisilo sahihi hukataliwa waziwazi, na kukataliwa huko ni msaada tayari, kwa kuwa hufunga njia moja na kuwaacha wasikilizaji na njia chache zaidi. Wakishindwa kabisa, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Hupewa Mombasa, au Lamu, au Kisumu, naye huuzuru mji huo kwa maneno, akasimulia alivyopokewa na alivyokula huko, na mwishowe ndipo atoapo jibu.

Utaratibu huu una mambo ambayo mjaza fumbo la gazeti angefaa kuyatazama. Kuomba jibu si aibu. Ni hatua halali ya mchezo, na ina maneno yake rasmi. Hata hivyo, huja baada ya kujaribu, wala si kabla. Nayo ina bei: aliyeshindwa hutoa mji, na hulazimika kusikiliza safari nzima ya mshindi kabla ya kuambiwa anachotaka. Muda huo wa kusubiri si mapambo. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kulitambua jibu mwenyewe wakati mtegaji bado anakula pilau huko Mombasa?

Mtunzi wa fumbo la gazeti hayupo kutulipisha. Jibu lake huja kesho, katika ukurasa uleule, kwa herufi ndogo. Hivyo basi mjazaji hujiwekea bei mwenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapojiuzia rahisi mno.

Fumbo lililozaliwa na msaada

Fumbo la maneno tulijualo lilichapwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, nchini Marekani. Mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi, lenye tundu katikati. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba neno moja, FUN, lenye maana ya furaha, ambalo pia lilikuwa jina la nyongeza ya gazeti iliyobeba fumbo hilo, lilikuwa limekwisha kujazwa kwenye kilele cha almasi. Mtunzi wa kwanza alimpa msomaji wake herufi tatu za bure, na kutokana na hizo msomaji aliweza kushuka.

Mnamo 1924 kampuni changa ya uchapishaji ya Simon & Schuster ilitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo ya aina hiyo, kila nakala ikiwa na penseli yake. Ndipo homa ilipopanda. Wakutubi wa New York walilalamika kwamba wajazaji wa mafumbo walizizingira kamusi na ensaiklopidia hata wasomaji wengine wakafukuzwa mezani, na kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio ikaweka kamusi katika magari ya moshi ili abiria wapate msaada safarini. Gazeti la New York Times liliudhihaki mchezo huo mwaka 1924, kisha likauanzisha katika kurasa zake lenyewe tarehe 15 Februari 1942, wakati wa vita. Baadaye, magazeti ya Marekani na Uingereza yaliweka hata nambari za simu ambazo mtu aliyekwama angepiga akasomewa jibu, akilipishwa kwa dakika. Nadhani mtegaji wetu wa kitendawili angezitambua nambari hizo mara moja. Ni mji uleule, ila unalipwa kwa sarafu.

(Mwaka huohuo wa 1913, huku kwetu, Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga utendi wa Fumo Liyongo. Humo, Liyongo akiwa kifungoni anamtumia mama yake ujumbe wa mafumbo kupitia kwa mjakazi Saada, ili aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanausikia ujumbe wasiufahamu, na mkate wenyewe wanauacha kwa kuwa si mtamu. Sitaki kuilazimisha sadfa hii itoe maana. Naitaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kuficha maana mbele ya macho ya watu ni ufundi tulioletewa na magazeti.)

Msaada wa jedwali lenyewe

Msaada wa kwanza, ambao haumgharimu mtu mji wowote, ni ule unaotoka katika visanduku na katika umbo la kidokezo. Katika Kiingereza msaada huu ni haba kiasi. Katika Kiswahili ni mwingi mno hata mtunzi hulazimika kujizuia.

Tuanze na upatanisho wa kisarufi. Kidokezo kikisema Nafaka hutwangwa ndani ya hiki (4), neno "hiki" limekwisha kutuambia kwamba jibu ni la ngeli ya KI-VI katika umoja, na kwa hivyo huanza kwa KI au CH. Tunaandika K na I kwa penseli, na KINU inabaki na visanduku viwili tu. Mtunzi mwerevu angeandika Nafaka hutwangwa humo, akatufichia ngeli. Na tofauti kati ya vidokezo hivyo viwili, kwa jicho la mwanasarufi, ni kubwa kuliko inavyoonekana. "Hizi", "huu", "yale", "vyake" na "lisilo" ni herufi za bure zilizotawanywa katika ukurasa. Anayesoma kidokezo kwa maana yake pekee, bila kutazama viambishi vyake, huziacha chini.

Vitenzi navyo hutoa zaidi. Kidokezo Kutayarishwa jikoni (7) kiko katika hali ya kutendwa na kimeanza kwa KU-. Jibu, ikiwa mtunzi ni mwaminifu, litakuwa katika umbo hilohilo: KU mwanzoni, WA mwishoni. Kati ya visanduku saba, vinne vimejaa kabla hatujafikiria chakula chochote. Vitatu vilivyobaki vinaweza kuwa vya KUKATWA, lakini neno "kutayarishwa" linaelekea zaidi KUPIKWA, na herufi moja ya kukatiza itaamua. Vivyo hivyo kwa kauli ya kutendana, inayoishia kwa -ANA, na ya kutendesha, inayoishia aghalabu kwa -SHA au -ZA.

Kuna pia mazoea ya tahajia. C haisimami peke yake katika Kiswahili Sanifu; ukiipata, andika H mbele yake bila kungoja. Q na X hazimo. Y ikitanguliwa na konsonanti, konsonanti hiyo karibu kila mara ni N au V, kama katika nyumba na vyakula. M, P na F hutokea kwa nadra, kama katika myeyuko, mpya na fyeka. Nayo H ikitanguliwa na konsonanti, konsonanti hiyo aghalabu huwa mojawapo ya chache zijulikanazo: C, S, T, D, G, K au M.

Sasa turudi kwa mfinyanzi wetu. Kidokezo Mtengeneza vyungu kilikuwa nomino ya mtenda, kwa hivyo M ya mwanzo ilikuwa salama. Mwisho pia ulikuwa karibu na hakika: nomino nyingi za mtenda huishia kwa I, ziwe za muundo wa mwandishi au wa mwimbaji. Waliobandika MFINYANGI walijua kitenzi finyanga. Wakatia M mbele na I nyuma, wakahesabu tisa, wakaridhika. Walichosahau ni kwamba I hiyo ya mwisho, isipotanguliwa na -aj-, mara nyingi huibadilisha konsonanti iliyo kabla yake. Jenga hutoa mjenzi, linda hutoa mlinzi, penda hutoa mpenzi, fuata hutoa mfuasi, pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi. Finyanga basi hutoa mfinyanzi. Kila aliyesimama pale ubaoni alikuwa amejibu swali la mabadiliko haya katika mtihani wa fonolojia, na nina hakika wengi walilipata. Ila hakuna aliyewaambia kwamba swali lile lingekuja siku moja limevaa visanduku.

Lipo na funzo la kiufundi hapo. Neno linaloenea visanduku vyote halijathibitishwa. Huthibitishwa na maneno yanayolikatiza. Ndege wa herufi nne alipokataa kupatikana, hilo lilikuwa tangazo kwamba G inastahili kuchunguzwa. Wajazaji wazoefu, wanapokwama kabisa, hawaanzi kwa kutafuta neno jipya. Hurudi kwenye neno la mwisho waliloliandika kwa furaha.

Irabu zilizofichika

Hoja ya mwenzetu kwamba Kiswahili hakifai kwa mchezo huu haikuwa ya kipuuzi kabisa, na inastahili kujibiwa kwa makini. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na silabi nyingi ni za konsonanti moja na irabu moja. Katika magazeti ya Marekani jedwali husukwa kwa kubana, kila herufi ikiwa sehemu ya neno la mlalo na la wima. Kwa Kiswahili jedwali la namna hiyo ni adha tupu. Weka POLE juu. Chini ya P sharti ije irabu, na chini ya O, kwa kawaida, konsonanti. Hivyo neno la mstari wa pili lingeanza kwa irabu na kuishia kwa konsonanti, na maneno ya aina hiyo hatunayo ila machache ya mkopo.

Lakini magazeti ya Uingereza husuka jedwali la wavu, ambamo takriban nusu ya herufi za kila neno ndizo zinazokatizwa. Jedwali hilo Kiswahili hukaa ndani yake kwa raha, pamoja na tabia moja ya ajabu. Neno likianza kwa konsonanti na kufuata mpangilio wa silabi wazi, herufi ya kwanza, ya tatu na ya tano huwa konsonanti. Hizo ndizo zinazokatizwa. Mjazaji basi hupewa konsonanti na kunyimwa irabu, kama asomaye Kiarabu kisichotiwa alama za irabu fupi. Akiwa na M-L- mbele yake anaweza kusoma MALI, MILA, MOLA au MULE. Kidokezo Desturi kitamchagulia MILA. Maneno yenye MB, ND, NY na kadhalika huuvunja mpangilio huu, nayo ni afadhali kuyatafuta mapema, kwa maana ndiyo yanayotoa irabu kwa majirani zao.

Tabia hiyo humtaka mtunzi atafute maneno mafupi yanayoanza kwa irabu, na kwa kuwa si mengi, hujirudia. Ada, ari, aya, eda, inda, omo, uta, uzi: anayeyazoea haya machache atakutana nayo tena na tena. Wajazaji wa Kiingereza wana akiba yao ya maneno madogo ambayo hayasikiki popote isipokuwa katika mafumbo. Sisi tuna bahati kwamba yetu bado yanasemwa.

Kidokezo chenye nyuso mbili

Katika magazeti ya Uingereza lipo fumbo la aina ya pili, gumu zaidi, ambalo gazeti la The Times limekuwa likilichapa tangu tarehe 1 Februari 1930. Kidokezo chake kina sehemu mbili zilizounganishwa hata zikaonekana kuwa sentensi moja: moja ni maana ya jibu, nayo husimama mwanzoni au mwishoni, nyingine ni mchezo wa herufi unaolijenga jibu lilelile. Wengi hulikimbia wakidhani ni uchawi. Kwa hakika, kwa kuwa kila kidokezo hutoa jibu mara mbili, kina msaada maradufu kuliko kile cha kawaida, mradi ujue kukikata mahali pake.

Kiswahili hakihitaji kuazima ufundi huu. Tunayo kinyume, lugha ya watoto na wajanja wa pwani, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu. Tazama kidokezo hiki nilichokitunga: Lima kinyume upate utajiri (4). Kwa juu ni ushauri mbaya wa kilimo. Ukikikata baada ya "kinyume", silabi za "lima" hugeuka, nao utajiri ni MALI. Kingine: Mpakani mna mla panya (4). Neno "mna" husema kweli, kwani ndani ya herufi za "mpakani" amelala PAKA. Kingine hutegemea neno lenye maana mbili: Mnyama aliye juu ya nyumba (3), yaani PAA, swala mdogo na pia kiezekwacho. Na Mnyama akunaye nazi (5) ni MBUZI, jambo ambalo kila aliyewahi kukalia mbuzi jikoni analijua.

Msaada wa kuomba katika vidokezo kama hivi si jibu. Muulize mwenzako, "Maana iko upande gani?" Akikuonyesha, amekupa nusu ya kazi na amekuachia nusu tamu.

Watu, vitabu na mashine

Tukija kwa watu, kuna daraja za kuuliza. Waweza kuuliza kama herufi fulani ni sahihi. Waweza kuuliza neno ni la uwanja gani. Waweza kuomba herufi ya kwanza. Na mwisho kabisa waweza kuomba neno. Bweni letu lina watu wa kila pembe ya nchi, na ni ajabu jinsi tunavyousahau utajiri huo. Sehemu ya mbele ya jahazi (3) humsumbua mtu wa bara hadi amwone mwenzake wa Lamu, ambaye atasema OMO bila kuinua macho. Lakini hata mtu wa bara analo neno hilo, amelificha katika methali: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alikariri yote matatu, tezi, omo na ngama, bila kuuliza ni nini. Methali ni ghala la maneno ambayo tuliyaweka tusijue tunayaweka. Aidha, mtunzi mwenye mapenzi na ushairi atapenyeza lafudhi za pwani, MATO kwa macho au NTI kwa nchi, na hapo mwenyeji wa Mombasa au Lamu atakufaa kuliko kitabu.

Vitabu vina hila zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981 na kurejelewa baadaye, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, huorodhesha vitenzi bila KU-. Anayetafuta "kupikwa" katika K atapotea. Nomino huwekwa kwa kiambishi cha umoja, hivyo sehemu ya M ni msitu mzima. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hukusanya vinyambuo vingi chini ya mzizi wake, na kwa ajili ya fumbo mpango huo wa zamani wakati mwingine hufaa zaidi. Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, ya mwaka 1998, ni rafiki wa karibu kuliko zote, kwa maana kidokezo cha kawaida si kingine ila kisawe kilichovaa sentensi. Udhaifu wa vitabu hivi vyote ni mmoja: hufunguliwa kwa herufi ya kwanza, ilhali fumbo mara nyingi hutupa ya tatu na ya mwisho.

Udhaifu huo mashine hauna. Kwa Kiingereza zipo programu nyingi ambazo mtu huandika herufi alizonazo na alama mahali pa zilizokosekana, naye huletewa orodha nzima. Sioni dhambi kuzitumia kwa neno moja lililobaki saa nne usiku. Anayezitumia tangu kidokezo cha kwanza hajajaza fumbo, amenakili jedwali. Siku hizi wengi huuliza programu za akili unde, nazo hujibu kwa ufasaha na ujasiri mkubwa, ila zaweza kuleta neno la herufi sita kwa visanduku vitano, au kuunda nomino ya mtenda isiyokuwapo. Mfinyangi, kwa mfano, ni neno ambalo nisingeshangaa kuletewa. Hesabu mwenyewe, kisha uliza kanuni.

Fumbo letu la ubaoni lilimalizika siku ya tatu. Aliyelimaliza hakuwa yeyote wa wale wa gazeti la Kiingereza. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyekuja na kifutio, akaifuta G, akaiacha tupu, akamngoja ndege. Tumekwisha kubandika jipya. Vidokezo vitatu vya kwanza ni hivi: Kata kinyume upate uchafu (4), Kijijini mna kiumbe asiyeonekana (4), Kiumbe wa ufuoni awashwaye jikoni (3). Penseli imefungwa kwa uzi pembeni mwa ubao, na atakayeshindwa aje na mji.